Tsar alipinduliwa na nani? Neno mapinduzi na Lenin ambaye hakuwepo

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa nimelisikia tena, mzee mmoja ninayemheshimu sana anawaeleza vijana kwamba Lenin, yule kiongozi wa wakomunisti wa Kirusi, ndo alimpindua Tsar, yaani mfalme wa Urusi, vijana wakaitikia wakaendelea na kashata zao. Na wiki iliyopita nimelikuta hilohilo kwenye daftari la mpwa wangu, limepigiwa mstari kabisa. Pale kijiweni sikusema kitu, mzee akiongea humkatizi, ila jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu.

Maana kwanza, haraka haraka. Mapinduzi ya umma ni pale watu wengi wa kawaida wanapoinuka mpaka utawala unaanguka na mfumo wenyewe unabadilika, si sura ya mtawala tu. Mapinduzi ya kikundi, mara nyingi cha wanajeshi, ni watu wachache waliojipanga, wanashika daraja, simu, ofisi za serikali, wanamtoa aliyepo wanakaa wao. Basi, hayo ndo yote kwa upande wa maana.

Sasa shida inapoanzia ni kwamba Kiswahili chetu vyote viwili kinaviita mapinduzi. Tena tuna mapinduzi ya viwanda, ambayo hayakumtoa mtu ikulu, tuna Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, na kila redio ikitangaza jeshi limechukua nchi mahali fulani nayo ni mapinduzi. Neno linatoka kwenye pindua, ndugu yake pinda. Ukiliangalia umbo lake limekaa kama fungua na kunjua, ungedhani maana yake ni kunyoosha kilichopinda, lakini halikwenda huko, limekwenda kwenye kugeuza juu chini. Unapindua chapati kwenye chuma. Unapindua mtumbwi ufukweni ili maji yamwagike. Kwa hiyo kwenye neno lenyewe kuna mkono, kuna mtu anayegeuza. Na ndio maana chombo kikizama kwa mawimbi watu wa pwani wanasema kimepinduka, lakini ukisema kimepinduliwa mwenzio atakuuliza hapohapo, na nani?

Hapo ndipo Lenin anapoingilia, naamini kabisa. Tukisema Tsar alipinduliwa, lugha inadai jina, na jina la Kirusi la mwaka 1917 ambalo kila mtu analo mdomoni ni Lenin, basi analipachika.

Lakini hebu tuangalie siku zenyewe. Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, tarehe 23 Februari 1917 kwa kalenda yao ya zamani, ambayo kwa kalenda yetu ni 8 Machi, yaani Siku ya Wanawake. Majira ya baridi, vita ya kwanza ya dunia iko mwaka wa tatu, mkate haupatikani mpaka ujipange foleni alfajiri na unaweza ukaambiwa umeisha. Wanawake wa viwanda vya nguo upande wa Vyborg wakaacha mashine wakatoka, wakapita kwenye viwanda vya chuma walipokuwa wanaume, wanarusha mabonge ya theluji kwenye madirisha, wanawaita tokeni nje. Wakatoka. Wakati huohuo kiwanda kikubwa cha Putilov kilikuwa kimewafungia wafanyakazi wake mageti, kwa hiyo nao wako barabarani. Siku ya pili wakaongezeka, siku ya tatu mji karibu wote umesimama.

Tarehe 26 askari wakaamriwa kupiga risasi, wakapiga, watu wakafa. Na hapa ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu kati ya waliopiga walikuwemo askari wa kikosi cha Volynsky, na usiku ule hawakulala vizuri hata kidogo, walikuwa wamewaua watu wa kwao, na asubuhi ya tarehe 27 wakakataa kutoka tena kwenda kupiga, wakamuua ofisa wao, wakaenda kuwaita wenzao wa vikosi vingine. Mpaka jioni mji ulikuwa umeshamponyoka mfalme.

Mfalme mwenyewe, Nikolai wa Pili, hakuwepo. Alikuwa makao makuu ya jeshi huko Mogilev, akapanda treni arudi, njia ikafungwa, akaishia Pskov. Majenerali wake wakamwambia kwamba hakuna namna, na tarehe 2 Machi (15 Machi kwetu) akatia saini ya kujiuzulu humohumo ndani ya behewa, kwa penseli. Akataka kiti kiende kwa mdogo wake Mikhail, Mikhail kesho yake akakikataa. Ukoo wa Romanov, uliokaa madarakani tangu 1613, ukaishia hapo.

Na Lenin je? Alikuwa Zurich, Uswisi. Habari ilipomfikia, yeye na mkewe Krupskaya walikwenda kando ya ziwa ambako magazeti yalikuwa yanabandikwa, wakasoma mapinduzi ya nchi yao ukutani kama mpita njia mwingine yeyote. Tena Januari ya mwaka huohuo alikuwa amewahutubia vijana hapohapo Zurich akisema huenda wazee kama yeye wasiishi kuziona vita za mwisho za mapinduzi yanayokuja. Petrograd alifika Aprili, kwa treni iliyokatiza Ujerumani, akakuta hakuna mfalme wa kumpindua.

Alichokipindua Lenin na Wabolshevik, yaani watu wa chama chake, tarehe 25 Oktoba (7 Novemba kwetu, ndo maana Mapinduzi ya Oktoba yalikuwa yanaadhimishwa Novemba), ni Serikali ya Muda, iliyoshika nchi baada ya mfalme na wakati huo ikiongozwa na waziri mkuu Kerensky. Mawaziri walikamatwa usiku ndani ya Jumba la Majira ya Baridi. Walikuwa mawaziri wa jamhuri, kwa sababu Kerensky alishaitangaza Urusi kuwa jamhuri Septemba.

Sisemi kwamba Oktoba haikuwa na umma nyuma yake, wafanyakazi na askari wengi walikuwa upande ule na jambo hilo watu wanalibishania mpaka leo. Ila Warusi wenyewe wana maneno mawili. Wana revolyutsiya, lililotokana na Kilatini cha kuzunguka, na wana perevorot, ambalo ni la kwao kabisa na maana yake ni kugeuza, kupindua, sawasawa na letu. Na Wabolshevik miaka ile ya mwanzo waliiita Oktoba yao perevorot wazi tu, baadaye ndo revolyutsiya ikalifunika. Yaani hata wao walijua kuna kitu cha kutenganisha pale, sisi tuna neno moja, basi tunatakiwa kuongeza maneno mawili matatu pembeni yake ili msikilizaji asipotee.

Kwa hiyo mzee wangu wa kijiweni, na wewe mpwa wangu, hamjakosea sana, mwaka ni huohuo na mji ni huohuo. Ukiulizwa Tsar alipinduliwa na nani, sema wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd walianza, wenzao wa viwanda vya chuma wakafuata, askari waliochoka kuua wakamalizia. Lenin mwandike mstari wa chini yake, mwezi Oktoba, mbele ya jina la Kerensky.