"Kajifunzia wapi huyu?"

Juzi nilipita mwaloni Igombe kumsalimia bibi mmoja anaanika dagaa pale, mjukuu wake wa kike kama miaka minne hivi alikuwa pembeni na kopo tupu anapimia mchanga. Nikakaa nimwangalie. Anajaza kopo, analigonga chini mara mbili mchanga ushuke, anaongeza mpaka inasimama lumbesa, afu mkono kiunoni anamwambia mteja ambaye hayupo, "dada hapo nishakuongeza, usinirudishe nyuma." Bibi akaniangalia akasema mwanangu hiyo mimi sijamfundisha.

Na kweli hajamfundisha, ila mtoto ameshinda pale anaangalia. Mimi ni mwanasaikolojia, nafanya kazi na watoto na wazazi hapa Mwanza, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilo la "kajifunzia wapi huyu."

Aliyelichimba sana hili ni Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani. Mwaka 1961 yeye na wenzake walichukua watoto 72 wa chekechea, wengine wakamwona mtu mzima akilishambulia mdoli kubwa la upepo, lile ukilisukuma linalala linainuka tena, analipiga nyundo, analikalia, anasema "mpige pua". Baadaye walipoachwa na mdoli lile, waliomwona wakarudia mpaka maneno yenyewe, wale ambao hawakumwona ni kidogo sana. Kuna waliosema mdoli limetengenezwa lipigwe kwa hiyo tusilifananishe na ugomvi wa kweli, na mimi hoja hiyo naiheshimu.

Ila lililonikaa mimi ni jaribio la 1965. Safari hii watoto waliona filamu, kundi moja mpigaji anapewa zawadi, jingine anagombezwa na kuchapwa, jingine haambiwi kitu. Walioona anaadhibiwa waliiga kidogo kuliko wengine, sawa, ungesema basi adhabu imefanya kazi. Afu Bandura akawaambia watoto wote, kila mtakachonionyesha alichofanya yule mtu nawapa stika na juisi. Tofauti ikaisha! Kumbe walikuwa wamejifunza wote sawasawa, wengine walikuwa wameficha tu.

Yaani kujifunza ni kitu kimoja na kuonyesha ni kitu kingine. Mtoto anatazama, anaweka kichwani, afu inabidi mwili wake uweze (yule wa Igombe anajua kabisa gunia linavyobebwa begani ila hana hiyo nguvu bado) na mwisho awe na sababu ya kulitoa. Hapo kwenye sababu ndo wazazi wengi tunapotea, tunaona mtoto katulia tunadhani hajaona.

Kuna baba alikuja kwangu na kijana wa miaka tisa, shuleni anawapiga wenzake na kuwatukana, nyumbani mpole kama maji ya mtungini. Baba akaapa, hajawahi kumnyooshea mtoto mkono hata siku moja, na nilimwamini. Nikamwomba kijana anisimulie ugomvi wa mwisho ulivyokuwa, akasimama, akanyoosha kidole, akasema "nikiongea unyamaze, umenisikia?" Baba aliinamisha kichwa. Ni maneno yake, anamwambiaga mke wake usiku, chumba cha pili mtoto amelala, au walidhani amelala.

Yule baba namheshimu kwa sababu hakubisha. Alienda akamwomba mke wake msamaha mchana kweupe, kijana yupo anaona, na alirudi kwangu karibu kila wiki miezi kadhaa. Siku moja akaniuliza, sasa yale ya zamani yamemtoka? Nikamwambia hapana mzee, yapo, na yatakuwepo, ila sasa hivi kuna na haya mapya aliyoyaona kwako, na kesho akikasirika atakuwa na pa kuchagua. Akanyamaza kidogo, akaniuliza tena, kwa hiyo leo nikichelewa nyumbani nikamkuta mama yake kanuna, niseme nini akiwa anasikia. Tukakaa tukayatafuta hayo maneno, moja moja.