Chonge shingoni: mapenzi ya vampaya kwenye manga, yanapong'ara na yanapochuja

Mtu akinipa manga, yaani katuni za Kijapani za vitabu, ya mapenzi ya vampaya, wale wanyonya damu wasiokufa, ukurasa wa kwanza ninaoutafuta ni ule wa kuumwa. Ninachora katuni na kufundisha kuchora, na ukurasa huo huniambia karibu kila kitu kuhusu kitabu kizima. Sababu yenyewe ni ya kiufundi. Wapenzi wakipigana busu, mchoraji anabanwa: nyuso mbili zinafunikana, pua ya huyu inaficha shavu la yule, na kinachobaki kuonyeshwa ni macho yaliyofumbwa. Lakini mmoja akiinamia shingo ya mwenzake, nyuso zote mbili zinamgeukia msomaji. Tunamwona anayeumwa, macho yamemtoka, pumzi imemkatika. Na juu ya bega lake tunayaona macho ya anayeuma. Sisi tunawaona wote wawili. Wao hawaonani.

Kwangu mimi, mvuto wa utanzu huu unaanzia hapo. Watu wawili wamegusana mpaka damu, na hakuna anayejua mwenzake anawaza nini. Tangu miaka ya 1970, manga za shojo, yaani zile zinazotungwa kwa ajili ya wasichana, zimejikita katika kuonyesha mambo ya moyoni. Vampaya alipoingia humo alikuta nyumba imeshaandaliwa.

Aliyempokea kwa heshima zote ni Moto Hagio. Alianza kuchora Poe no Ichizoku mwaka 1972 katika jarida la Bessatsu Shojo Comic la kampuni ya Shogakukan. Ni kisa cha Edgar, mvulana aliyegeuzwa vampaya akiwa na miaka 14 na ambaye hatapita umri huo kamwe, pamoja na dada yake Marybelle na baadaye rafiki yake Alan. Hagio alikuwa mmoja wa kundi la wachoraji wanawake waliovunja kuta za fremu. Kabla yao kurasa nyingi za manga zilikuwa visanduku vilivyopangwa, kimoja baada ya kingine. Wao waliacha uso mmoja mkubwa uelee juu ya visanduku vitatu, wakayatoa maneno ya moyoni nje ya viputo vya mazungumzo na kuyatawanya kwenye nafasi nyeupe, wakaweka jana na leo kwenye ukurasa mmoja bila mstari wa kuzitenganisha. Kwa kiumbe asiyezeeka, huo ndio uchoraji unaomfaa. Edgar anapokumbuka, miaka mia iliyopita inakaa bega kwa bega na asubuhi ya leo, na msomaji anaelewa bila kuelezwa.

Tena Hagio hakuuficha uchungu wa umri. Edgar hawezi kukaa mji mmoja miaka mingi, kwa kuwa majirani watashangaa mtoto huyu mbona hakui. Kila anayempenda ama anakua na kumwacha, ama inabidi ageuzwe na kukwama kama yeye. Kutokufa kwake si pambo. Ni kidonda, na hadithi nzima inakizunguka. Nadhani ndiyo maana Hagio alipoirudia hadithi hiyo mwaka 2016, miaka 40 baada ya kuisimamisha, wasomaji walikuwa bado wanaisubiri, na mwaka 2018 kundi la Takarazuka, ambalo waigizaji wake wote ni wanawake, likaipandisha jukwaani.

Kabla sijafika kwenye Vampire Knight, ambayo najua ndiyo wengi wenu mnaisubiri, niseme jambo moja kuhusu wino. Manga kwa kawaida huchapwa kwa rangi nyeusi tu. Damu haina wekundu. Mchoraji anayetaka kuonyesha tone likitiririka shingoni ana nyeusi, nyeupe na vivuli vya nukta, basi. Upungufu huo umezaa ufundi wa hali ya juu. Wapo wanaoiacha shingo nyeupe kabisa, bila mstari hata mmoja, ili jicho litue hapo lenyewe. Wapo wanaoshusha nywele kama pazia, chonge zisionekane. Na wapo wanaoutegemea mlio: Wajapani wana maneno ya sauti kwa kila kitu, na "goku", mlio wa kumeza, likiandikwa dogo kwenye kona ya fremu isiyo na mchoro mwingine wowote, linatisha na kuvutia kuliko ndoo nzima ya damu. Anime, yaani katuni za Kijapani za video, inapotia rangi nyekundu, kitu fulani kinapungua. Msomaji wa manga huimalizia damu hiyo mwenyewe akilini.

Sasa Vampire Knight. Matsuri Hino aliichora katika jarida la LaLa la kampuni ya Hakusensha kuanzia mwishoni mwa 2004 hadi 2013, juzuu 19, na mwaka 2008 Studio Deen ikatoa anime yake kwa misimu miwili. Kuna shule ya bweni yenye madarasa mawili: la mchana la wanadamu, wenye sare nyeusi, na la usiku la vampaya, wenye sare nyeupe. Tazameni uamuzi huo. Weupe umekwenda kwa wanaotisha, kwa hiyo usiku unapoingia wao ndio wanaong'aa ukurasani. Yuki, msichana mwanadamu asiyekumbuka utoto wake, ni mlinzi wa mpaka kati ya madarasa hayo. Anayelinda pamoja naye ni Zero, ambaye wazazi wake waliuawa na vampaya. Na upande wa usiku yuko Kaname, vampaya wa damu safi aliyemwokoa Yuki alipokuwa mdogo.

Kiini cha juzuu za mwanzo ni siri ya Zero. Vampaya aliyeiangamiza familia yake alimuuma yeye pia, na kidogo kidogo anageuka kuwa kile anachokichukia. Yuki anaijua siri hiyo kwa kuumwa. Baadaye anaanza kumpa damu yake kwa hiari, kwa kificho, na kila mara Zero anakunywa akiwa amejaa aibu huku Yuki akiona angalau kuna mtu anayemhitaji. Rudi kwenye zile nyuso mbili nilizozisema: wa juu anajichukia, wa chini anajihisi ana thamani, na hakuna anayeiona sura ya mwenzake. Hino alizichora kurasa hizo kwa ustadi ambao sijauona ukizidiwa na wengi. Macho ya Zero pekee yanatosha kuendesha darasa langu la saa moja.

Halafu inakuja juzuu ya saba. Kaname anamuuma Yuki, na kumbukumbu zake zinarudi: kumbe si mwanadamu. Ni binti wa ukoo wa Kuran, damu safi, aliyefichwa ndani ya mwili wa kibinadamu na mama yake, na Kaname amelelewa kama kaka yake na mchumba wake kwa pamoja. Baadaye hadithi inaeleza kwamba Kaname kwa kweli ni babu wa kale wa ukoo huo aliyeamshwa usingizini, lakini maelezo hayo hayaondoi ninacholalamikia.

Na malalamiko yangu hayahusu undugu peke yake, ingawa najua ndio uliowakimbiza wasomaji wengi. Ni kwamba swali limejibiwa na nasaba. Kwa juzuu sita tumekuwa tukiuliza: msichana huyu, asiye na nguvu ila fimbo yake na ujasiri wake, atathubutu kumpenda nani, na italazimu atoe nini? Ghafla hana haja ya kutoa kitu. Ni mmoja wao tangu kuzaliwa. Pengo lililokuwa likitukosesha usingizi limefukiwa kwa cheti cha ukoo. Yuki mwenyewe, aliyekuwa akiruka dirishani kuzuia vurugu, anatumia sehemu kubwa ya juzuu zinazofuata akisubiri wanaume wamwambie yeye ni nani.

Liko na jambo la vyeo vya damu. Katika ulimwengu wa kitabu hiki, damu safi wako juu, makabaila wanafuata, na wanadamu waliogeuzwa wako chini kabisa; hao wa chini huoza akili na kuwindwa kama mbwa wenye kichaa. Maneno ya hadithi yanamhurumia Zero, aliye njiani kuelekea huko chini. Michoro lakini inawapenda mabwana: nywele zao, vidole vyao, mikunjo ya makoti yao. Msomaji anafundishwa kwa jicho kwamba uzuri hurithiwa. Vitabu vingi vya utanzu huu vina tatizo hilo, na ningependa mashabiki tulizungumze waziwazi, kwa sababu mtu anaweza kukipenda kitabu na bado akauona uonevu uliomo ndani yake.

Kuhusu urefu wa hadithi hii, tukumbuke pia biashara ya majarida. Hadithi inayotoka kila mwezi huishi kwa hamu ya wasomaji, na wasomaji waliogawanyika kati ya Zero na Kaname ni hamu isiyokauka. Kuchagua mmoja ni kuipoteza nusu. Hino alikwepa hadi mwisho: Kaname anautoa moyo wake, Yuki anaishi na Zero, na baada ya miaka elfu moja anautoa uhai wake ili Kaname aamke akiwa mwanadamu. Yuki amezaa na wote wawili. Ni mwisho wenye huzuni nzuri, lakini msichana ambaye hakuruhusiwa kuchagua akiwa hai amepewa wote kwa kugawanyiwa karne.

Kasoro ninayoiona nzito zaidi, na hii haimhusu Hino pekee, ni kuuma kwa nguvu kunakopakwa rangi ya mapenzi. Msichana anabanwa ukutani, anasema hapana, anaumwa, na fremu inayofuata ina maua. Midnight Secretary ya Tomu Ohmi, ya wasomaji wanawake watu wazima, ina mhusika mkuu ninayempenda sana: Kaya, katibu mchapakazi anayeijua kazi yake. Lakini bosi wake ndiye vampaya, na Kaya anapojitolea kumpa damu kama sehemu ya majukumu ya ofisi, nataka kitabu kisimame kidogo kiulize kama mwajiriwa kweli ana nafasi ya kukataa. Hakisimami vya kutosha.

Kuna aliyesimama. Devils' Line ya Ryo Hanada, juzuu 14, iliyoendelea jaridani kati ya 2013 na 2018, ilifuta kisingizio kikubwa cha utanzu huu. Vampaya wake hawahitaji damu ili waishi. Wanaweza kukaa bila kuonja hata tone, ila wakiiona, au wakipandwa na hasira au ashiki, akili inawaruka. Hivyo Anzai, polisi mwenye damu nusu ya vampaya, anapompenda mwanafunzi Tsukasa, hawezi kujitetea kwa njaa. Inabidi wakae chini na kuongea: tufike wapi, tuache nini, ukibadilika nifanye nini. Uchoraji wa mwanzo ni mkavu kuliko wa Hino, na ukatili wake si wa watoto, lakini mazungumzo hayo yana joto la mapenzi kuliko maua yote ya ukutani.

Karin ya Yuna Kagesaki, juzuu 14 kati ya 2003 na 2008, ilifika mbali kwa njia ya ucheshi. Karin ni vampaya anayezalisha damu kupita kiasi. Asipomuuma mtu na kumwingizia, inamtoka puani. Msichana yeyote anayepambana na mwili unaomshtukiza kila mwezi ataelewa kinachosemwa. Na mwisho wake una gharama halisi: ili Karin aishi kama mwanadamu na Kenta, mvulana mwanadamu anayempenda, familia yake inamfutia kumbukumbu zote za kwao. Anapata mapenzi na kuwapoteza wazazi, na hajui hata kwamba amewapoteza. Ni kitabu cha vichekesho, na kurasa zile za mwisho huwa nazifunga polepole.

Yofukashi no Uta ya Kotoyama, iliyoanza 2019 na kumalizika 2024, ilitoka katika jarida la wavulana, na kanuni yake naihusudu kama mtunzi. Binadamu hageuki kwa kuumwa tu; lazima awe amempenda anayemuuma. Ko anataka kuwa vampaya, lakini hajui kupenda kukoje, na ana mwaka mmoja tu tangu aumwe mara ya kwanza. Chonge haziwezi kumfanyia kazi ya moyo. Umri wake wa miaka 14 mbele ya Nazuna, vampaya mwenye mwili wa mtu mzima, unanitia wasiwasi na sitausafisha. Mzazi anayemnunulia mtoto ajue.

Kwa anayeanza, ningempa Karin kwanza, kisha Poe no Ichizoku, ambayo kwa Kiingereza imetolewa na Fantagraphics kwa jina The Poe Clan. Vampire Knight iko kwa Viz Media. Zisome juzuu sita za kwanza taratibu, mkizitazama nyuso mbili kila mara Zero anapoinama, kisha endeleeni na ya saba mkijiuliza Yuki amepata nini na amenyang'anywa nini. Maoni yenu juu ya Kaname nayasubiri, hasa ya wale wanaomtetea.