Kutabiri si kupiga ramli

Huku Mbeya, Novemba ikikaribia na wakulima wa Uyole wakiandaa mbegu za mahindi, wengi wakisikia redioni "utabiri wa mvua" husita. Imani ya siku nyingi ni kwamba kutabiri ni kazi ya mganga au nabii, basi muumini akae mbali.

Hofu hiyo naielewa, maana neno limepita huko kweli. Tabiri limetoka kwenye Kiarabu, lilikohusu kufasiri ndoto. Kiswahili cha leo kimelipanua: kueleza jambo kabla halijatokea, iwe kwa ufunuo au kwa vipimo. Mtaalamu wa hali ya hewa husoma upepo, unyevu na mgandamizo wa hewa. Ramli ni jambo jingine. Asili yake Kiarabuni ni mchanga, uliochorwa alama zikasomwa. Kuagua ndiko kwa mganga hasa. Kubashiri ni ndugu wa bishara, yaani habari njema, ingawa vijana wamelihamishia kwenye mechi.

Fungua kamusi, usiishie maana ya kwanza. Kisha andika utabiri wa kila asubuhi kwenye kalenda ya ukutani, na jioni weka alama: imenyesha, haikunyesha. Endelea hivyo mpaka mahindi yatoe maua.