Maana ya kukaribisha ugumu katika mbio ndefu

Kukaribisha ugumu ni kuendelea kukimbia kwa kasi uliyoipanga wakati pumzi ziko juu na mapaja yanawaka, bila kupunguza mwendo na bila kushindana na hali hiyo. Neno "uliyoipanga" ndilo lenye uzito hapa. Anayejitesa kila siku bila mpango anachosha mwili tu, na mara nyingi huishia kukaa nyumbani na goti lililovimba.

Chukua barabara inayopanda kutoka stesheni ya reli ya Kigoma kwenda Mwanga. Hata asubuhi hewa ya ziwani ina unyevunyevu, jasho halikauki, na mpando ni mrefu. Ukiupanda kwa kasi, muda si mrefu kichwa kinaanza kukushawishi usimame. Kishawishi hicho huja mapema, mwili ukiwa bado na akiba. Tim Noakes, mwanasayansi wa Afrika Kusini, alitoa hoja kwamba ubongo huuzuia mwili kabla haujafika ukingoni, na kwamba uchovu ni hisia inayotumika kutulinda. Wataalamu wamembishia, na bado wanabishana. Lakini tazama mbio yoyote ya kilomita kumi: mtu aliyekuwa anaburuta miguu kwenye kilomita ya tisa akiona mstari wa kumalizia anachomoka. Ile nguvu alikuwa nayo muda wote.

Mazoezi ya ugumu ni ya kujifunza kukaa mahali hapo ukiwa umetulia. Wengi wakibanwa hukaza shingo, hukunja ngumi na kupandisha mabega, na hapo wanapoteza nguvu ambayo ingekwenda miguuni. Legeza taya. Fungua vidole. Toa pumzi yote nje kabla ya kuvuta nyingine. Usifikirie kilele cha mpando. Fikiria mwembe ulio mbele yako, ukiufikia, tafuta unaofuata. Septemba 2025 mjini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili. Waliachana kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Baada ya kilomita 42 hakuna asiyeumia. Tofauti ndogo namna ile humwendea anayeweza bado kukimbia vizuri akiwa anaumia.

Utasikia watu wakisema miguu inauma kesho yake kwa sababu ya "asidi". Siyo. Laktati, yaani kitu ambacho misuli hukitoa ikifanya kazi ngumu na ambacho watu hukiita asidi, huondoka kwenye damu ndani ya saa chache, tena misuli na moyo huitumia kama nishati. Maumivu ya siku ya pili hutokana na michubuko midogo ndani ya misuli, na kuteremka ndiko kunakoyaleta zaidi. Kwa hiyo ukirudi kutoka Mwanga, shuka taratibu.

Kipimo chake? Mara moja kwa wiki kwa anayeanza, mara mbili kwa aliyezoea. Siku nyingine zote kimbia polepole kiasi cha kuweza kupiga soga kwa sentensi nzima na mwenzako njia nzima hadi Ujiji. Vikundi vingi vya jogingi hukosea hapa: kila siku kasi ileile ya katikati, ngumu mno kuwa mapumziko na nyepesi mno kuwa zoezi.

Na kuna ugumu usiokaribishwa kabisa. Maumivu makali ya sehemu moja, yanayozidi kadiri unavyokimbia au yanayokufanya uchechemee, ni jeraha. Kizunguzungu, kichefuchefu au kusikia baridi juani ni joto limekuzidi: simama, ingia kivulini, jimwagie maji. Mwenye homa asikimbie, akapime malaria.

Ukiwa mzima, anza na vipande vinne vya dakika moja kwenye mpando, ukishuka kwa kutembea baada ya kila kimoja. Kipande cha mwisho kiwe na kasi sawa na cha kwanza. Kikiwa cha polepole zaidi, ulianza kwa pupa; wiki ijayo rudia vilevile vinne kabla ya kuongeza cha tano.