Kanzu inaingia kwenye gala ya melini, mradi uivae kamili

Nimechoka na kauli hii, na mwaka huu imenifikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kustahamili: kwamba mtu akipanda meli ya kitalii na kanzu yake, usiku wa chakula rasmi, ule unaoitwa gala, atarudishwa mlangoni, kwa hiyo lazima atafute suti. Watoto wanamkatia baba yao tiketi ya safari ya Ulaya, na badala ya kumshonea kanzu nzuri wanakimbilia maduka ya Mchangani, hapa Zanzibar mjini, kumnunulia suti isiyomkaa mabegani, tai asiyojua kuifunga na viatu vinavyombana. Siku ya gala mzee hana raha mezani, na kabatini kwake ameacha vazi ambalo lingempa heshima kuliko wengi waliomzunguka.

Kauli hiyo si kweli. Mimi hushona kanzu, makoti na majoho, na anayekuja kushonesha nguo za safari humwomba kwanza anipe masharti ya mavazi ya meli anayopanda, tuyasome pamoja kabla sijagusa mkasi. Chukua Cunard, kampuni inayoshikilia mambo haya kuliko wengi. Usiku wa gala mwanamume anatakiwa taksido, yaani koti fupi la jioni, au suti ya rangi nzito na tai, na palepale imeandikwa kwamba vazi rasmi la taifa linakubalika, pamoja na sare za kijeshi. Limetajwa sambamba na taksido. Hakuna mahali panaposema uombe ruhusa maalumu wala ujieleze kwa mtu.

Kosa linatokana na mkato. Ratiba ya siku inayoletwa chumbani haina nafasi ya maelezo marefu, basi huandikwa "koti na tai kwa wanaume" yakaishia hapo. Mtu anaipiga picha, inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na ikifika Wete, Pemba, imeshakuwa amri kwamba kanzu ni marufuku. Masharti kamili yako kwenye tovuti ya kampuni na kwenye karatasi za tiketi. Hayo ndiyo ya kusoma.

Na wale wanaoniambia kwamba taksido ndiyo adabu ya jioni tangu enzi na enzi, wajue kwamba koti lile fupi la jioni lilishonwa na Henry Poole wa Savile Row, London, mwaka 1865, kwa ajili ya mtoto wa Malkia Victoria, na lilikuwa nguo ya kustarehe nyumbani, si ya hafla. Miaka 10 baadaye, 1875, Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikwenda London kwa ziara ya kiserikali akiwa na joho lake na kilemba chake, na picha zake za safari ile zipo mpaka leo. Hakuvaa suti kumpendeza mtu. Vazi letu lilikuwa la kitawala kwenye meza za wakubwa wakati taksido bado ni nguo ya kustarehe nyumbani.

Sasa nije kwenye linaloniudhi zaidi, maana liko upande wetu. Mtu akishasikia kwamba kanzu inapita, anachukua kanzu yoyote. Ile nyepesi ya kushindia nyumbani, iliyolegea shingoni, na ndara miguuni. Kisha mkuu wa ukumbi wa chakula akimtazama mara mbili, anarudi kusema wazungu wanatubagua. Sharti linataka vazi la hafla la kwenu: vile unavyokwenda kuozesha binti, vile unavyokwenda kusali Idi. Kanzu ya kwendea Darajani asubuhi kununua samaki si hiyo. Wewe mwenyewe usingeingia nayo kwenye harusi ya watu.

Kwa usiku wa gala nashauri kanzu na koti. Ni vazi la wazee wetu tangu zamani, na lina faida ya pekee melini: hata mlinzi wa mlango aliyesoma ule mkato tu anaona koti, na mabishano yanakwisha kabla hayajaanza. Koti liwe jeusi au buluu nzito, la safu moja ya vifungo, lisilong'aa, bila vifungo vya dhahabu. Lishonwe mahsusi kwa kuvaliwa juu ya kanzu. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, wanachukua kipimo cha koti la suti. Kanzu ina kitambaa kingi kwapani na mgongoni, na koti la suti likiwekwa juu yake linavuta mikunjo mabegani na kukaba kwapa. Kifuani ongeza sentimita 4 hadi 5 juu ya kipimo cha suti, na tundu la mkono lishuke kidogo. Mkono wa kanzu uishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono na uchungulie kama sentimita moja nje ya koti, basi.

Kanzu yenyewe kwa mwanamume wa kimo cha wastani inakula mita 3 hadi 3 na nusu za kitambaa cha upana wa inchi 58. Usiogope mchanganyiko wa poliesta. Pamba tupu ni nzuri sana hapa kwetu kwenye joto, lakini ikitoka kwenye sanduku baada ya ndege mbili imekunjamana, na pasi melini ni kitendawili, nitaeleza. Vile vitambaa vya Kijapani vinavyotumika sana kwa kanzu za Ghuba vinaanguka vizuri na havikunjamani ovyo. Kabla hujanunua, kinyanyue mbele ya taa na uweke mkono nyuma yake. Ukiona vidole, kiache. Ukumbi wa chakula wa meli una taa kali za kuning'inia na madirisha makubwa, na kanzu iliyoonekana nzito dukani itaonyesha kila kilichomo ndani. Chini vaa suruali nyeupe na fulana nyeupe ya mikono, si singlendi ambayo mabega yake yanachora alama kwenye kitambaa.

Urefu una utata, na sitauficha. Wengi wanaikata juu ya kifundo cha mguu kwa sababu za dini, na hilo siligusi. Lakini juu ya kiatu cheusi cha kufunga kamba, kanzu fupi inaacha pengo la soksi. Soksi nyeupe na kiatu cheusi zinaharibu kila kitu. Vaa soksi za rangi ya kiatu, na hakikisha suruali ya ndani haichungulii chini ya pindo. Mwenye kuruhusu kanzu ishuke, ifike kwenye kifundo na isiguse kiatu, maana kwenye ngazi za meli inayoyumba mtu hukanyaga pindo lake mwenyewe.

Viatu ndivyo vinavyonitia mashaka. Kwa haki, makubadhi ya ngozi yaliyoshonwa vizuri ni sehemu ya vazi kamili, na mtu aliyevaa hivyo hakukosa kitu. Ila kampuni nyingi zinakataza sandali za wanaume ukumbini, na anayesimama mlangoni saa 2 usiku na foleni ya watu mia mbele yake hatapima kama ngozi yako imetoka kwa fundi gani. Nimeyatafakari haya muda mrefu na bado sipendi jibu langu: vaa viatu vya kufunika usiku wa gala, makubadhi yaweke kwa usiku wa kawaida. Nadhani ni dhulma ndogo, lakini si ya kumharibia mzee chakula chake.

Kofia ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Marufuku ya kofia ukumbini imekusudia zile za michezo zenye ukingo wa mbele. Kofia ya kiua haimo humo, na huhitaji kuivua. Chagua ya uzi mweupe au wa krimu, na iwe ya mkono. Kofia ya mashine inajulikana hata kwa asiyeijua, vitundu vyake ni vile vile mno. Itie wanga ikauke kwenye kalibu kabla ya safari, kisha ijaze soksi zilizokunjwa na uiweke kwenye begi la mkononi. Ikibanwa katikati ya sanduku itapata kunyanzi ambalo halitoki.

Joho? Ubishi huu ni wa kwetu sisi kwa sisi, wageni hawaujui. Wapo wanaosema joho ni la bwana harusi, la viongozi na la masheikh, na abiria wa kawaida akilivaa anajikweza. Wapo wanaosema hafla ni hafla. Mimi niko katikati: kwa safari ya usiku 7 yenye gala 2, vaa koti usiku mmoja na joho usiku wa pili ukipenda. Usivae vyote viwili kwa pamoja, umbo linapotea. Na jua kwamba mkono wa joho unaingia kwenye supu. Mhudumu anapoleta sahani likusanye upande wa kushoto, au livue ulitundike kwenye kiti, hakuna atakayekulaumu. Kulisafirisha, likunje nje ndani ili zari ikutane na zari, na usilipige pasi ya moto kwenye ukingo wa dhahabu.

Jambia liache nyumbani. Nalisema hili hasa kwa maharusi wanaotaka kuvaa seti kamili kwa ajili ya picha. Usalama wa bandarini unakagua mizigo kwa mashine, na jambia ni silaha, hata kama halijanolewa tangu babu yako. Litachukuliwa, na kulirudishiwa ni shida.

Udi pia. Tumezoea kufukiza nguo chetezoni kabla ya kutoka, lakini melini ubani, udi na mishumaa ni marufuku vyumbani. Moto ndiyo hofu kubwa ya meli yoyote. Fukiza nguo hapa nyumbani siku ya kuondoka, zikunje zingali na moshi wake, uzitie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Kitambaa kinashika harufu siku kadhaa. Ukitaka zaidi, beba mafuta ya udi kwenye kichupa kidogo.

Kwa sababu ileile ya moto, pasi ya kubeba mwenyewe itazuiliwa. Baadhi ya meli zina chumba cha kufulia chenye pasi, nyingine zinakutaka upeleke nguo kwa dobi wao na kulipa, na usiku wa gala kila mtu anataka huduma hiyo kwa wakati mmoja. Peleka siku mbili kabla. Ukichelewa, ning'iniza kanzu bafuni, fungulia maji ya moto, funga mlango kwa robo saa, kisha ivute pindo kwa mikono ikiwa bado na unyevu. Kwa mchanganyiko wa poliesta inasaidia sana. Kwa pamba iliyotiwa wanga haisaidii, inalegea tu. Na beba kanzu mbili za gala. Mchuzi wa nyanya hauchagui.

Kwa wanawake sina mengi, kwa sababu masharti yao ni mapana: gauni refu, suti, chochote cha heshima. Baibui lililoshonwa vizuri na mtandio linapita bila swali, na huna haja ya kulivua mlangoni. Dira na kanga visiingie kwenye gala. Si kwa sababu ya wageni. Kwetu penyewe hizo si nguo za kwendea hafla ya namna hiyo.

Wanaume nao waache kikoi kwa ajili ya sitaha.

Kuna hoja nyingine inayotupwa kila mara: "Nimelipa pesa zangu, nivae nitakavyo." Anayesema hivyo ameshakubali masharti aliponunua tiketi. Lakini pia anakuza jambo, kwa sababu hakuna anayelala njaa. Kwenye Queen Mary 2, meli ya Cunard, usiku wa gala asiyetaka kuvaa anakwenda bafe ya Kings Court au baa ya Golden Lion akiwa na nguo zake za kawaida. Na kama hupendi kabisa mambo haya, chagua kampuni nyingine. Norwegian iliachana na ulazima wa mavazi rasmi tangu mwaka 2000, na Viking haina usiku wa gala. Abiria wanaotoka kwetu wanapanda ndege kwanza, mzigo wao una kikomo cha kilo, na suti, viatu na majoho yanazimaliza upesi. Ni sababu ya haki kabisa ya kuchagua meli isiyodai. Kuchagua meli inayodai, kisha kwenda ukumbini na jinzi na kununa, hiyo si haki.

Wageni wanaoshonesha kanzu hapa mjini ili waivae gala wananiuliza kama ni sawa. Nawashonea, kwa sharti kwamba waivae kamili, na koti na kofia na kiatu. Ila nawaambia ukweli pia: sharti linazungumzia vazi la taifa lako, na msimamizi anaweza kuuliza. Hilo litakuwa baina yake na wao.

Kitu cha mwisho cha kufanya kabla ya kushona ni kuiandikia kampuni. Msiulize "kanzu inaruhusiwa?" maana anayejibu huenda hajawahi kuiona. Andikeni kwamba abiria atavaa vazi rasmi la taifa la Zanzibar, kanzu ndefu nyeupe, koti jeusi na kofia ya kushonwa kwa mkono, na muambatanishe picha. Jibu lichapisheni mlibebe. Usiku wa kwanza na wa mwisho kwa desturi havina gala, kwa hiyo msipangie nguo nzito huko. Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango kabla ya kulala, yachukuliwe na wahudumu. Bakisheni chumbani kanzu ya kushukia na viatu.