Mwendo mkubwa hauizuii ndege kuanguka

Vijana wanaorusha ndege za rimoti hapa Tabora huambiana, "Ukiwa na mwendo, huanguki." Si kweli, na inaniuma kuona kauli hii ikivunja ndege za watu.

Jumapili moja nilimtazama kijana akishusha ndege yake ya sarakasi kwa kasi, kisha akavuta kijiti cha rimoti kwa nguvu ili ainue pua. Propela ilikuwa bado inanguruma. Bawa la kushoto likadondoka ghafla, ndege ikajiviringa na kujichimbia mchangani, hatua chache tu kutoka kwenye mwembe.

Bawa hubeba ndege pale hewa inapoufuata mgongo wake. Pembe kati ya bawa na hewa inayokuja ikizidi kiasi, kwa mabawa mengi karibu nyuzi 15, hewa huachana na mgongo huo na bawa haliwezi tena kubeba vizuri. Hilo hutokea kwa mwendo wowote, ukivuta kijiti kupita kiasi. Ukikata kona umeilaza ndege nyuzi 60 bila kushuka, bawa hubeba uzito mara 2, na mwendo wa chini kabisa wa kubaki hewani hupanda kwa takriban asilimia 41.

Kwa hiyo wadogo zangu, ndege mpya ipimeni ikiwa juu sana kuliko miembe. Punguza nguvu ya propela, vuta kijiti kidogo kidogo, uone kama pua inainama sawasawa au bawa moja linatangulia kudondoka. Rudia ukiwa kwenye kona. Bawa moja likitangulia, legeza kijiti mara moja. Ukishatua, punguza kiasi ambacho kibao cha mkia, kile kinachoinua pua, hupinda, na uhakikishe kitovu cha uzito, yaani pale ndege inaposawazika ukiiinua, hakijakaa nyuma mno.