Kwa nini mlango wa mbao hubana msimu wa mvua?

Kiangazi unafungika kwa kidole kimoja. Mvua zikianza, unausukuma kwa bega. Fundi anaitwa, anaupiga randa ubavuni, anaondoka. Kiangazi kikirudi, mlango uleule una mwanya wa kupitisha upepo na mende.

Ubao hunyonya unyevu wa hewani na kuutoa tena, hata uwe na miaka 50. Ukinyonya hutanuka, ila si sawa pande zote. Kwa urefu, kufuata nyuzi, badiliko ni dogo mno. Balaa liko kwenye upana: mbao nyingi hutanuka takriban robo ya asilimia kila unyevu wake unapopanda kwa asilimia 1. Chukua mlango wa sentimita 80 uliotengenezwa kwa mbao za wima zilizogundishwa ubavu kwa ubavu. Unyevu wa mbao hizo ukipanda kutoka asilimia 10 hadi 14, mlango umeongezeka kama milimita 8. Fremu gani ina nafasi hiyo?

Hapo ndipo inapoingia paneli, kile kibao cha mstatili kinachojaza nafasi kati ya mbao za mlango. Wengi huyaona yale maumbo ya mstatili kuwa ni urembo tu, kumbe ndiyo ufundi wenyewe. Mlango wa paneli una mbao mbili za kusimama na kadhaa za kulala, zimeshikana kwa ulimi na tundu. Za kulala nyuzi zake zinafuata upana wa mlango, kwa hiyo hazitanuki upande huo. Zinazobaki ni zile mbili za kusimama. Kila moja ikiwa na sentimita 11, mlango mzima unaongezeka milimita 2 hivi. Paneli nayo imechomekwa kwenye mfereji uliochongwa katika mbao hizo, bila gundi wala msumari, ikaachiwa nafasi ya kupumua. Ukiigundisha, itapasuka katikati.

Utaijua kazi ya fundi wakati wa ukame. Chungulia ukingo wa paneli: ukiona mstari mwembamba wa mbao isiyo na rangi, jua paneli imesinyaa na kwamba ilipakwa rangi baada ya mlango kuunganishwa. Fundi makini huipaka kwanza, ndipo akaifunga.

Kuoza ni habari nyingine, nako huanzia chini. Ncha ya ubao iliyokatwa ni kama fungu la mirija: hunywa maji haraka kuliko uso wake. Ncha za mbao za kusimama ziko pale karibu na kizingiti, na mpakaji rangi hazifikii kwa kuwa mlango umeshafungwa kwenye bawaba. Pitisha kioo kidogo chini ya mlango wako utazame. Zipakwe mara mbili tatu kabla mlango haujasimamishwa. Juu yake kidogo, upande wa nje, kipande cha mbao chenye mteremko husaidia, mradi kichongwe kijifereji kwa chini ili tone lianguke, lisitambae kurudi mlangoni.

Vanishi angavu inapendeza, lakini jua hupenya na kuharibu mbao iliyo chini yake, kisha vanishi inabanduka. Mlango usio na paa la kuukinga, mimi ningeupaka rangi.

Na ule ubavu uliopigwa randa sasa ni mbao tupu. Usipopakwa rangi siku hiyohiyo, mvua ijayo mlango utabana palepale.